Masika ya Masanduku Mawili

Jumanne, 8 Aprili 2025

Amplifaya imekufa leo asubuhi. Nimeiamsha kwa kofi la ubavuni kama siku zote, ikakohoa mara moja, ikatoa harufu ya waya unaoungua, basi. Paa langu linavuja juu ya pembe ile ile nilipoiweka, nami nilijua linavuja. Sikuihamisha.

Naandika kwa sababu nyumba hii haina wa kugombana naye. Tangu mimi na Maryam tuachane, akarudi kwao Wete, maneno yangu yote nayasemea kwenye gitaa, na leo gitaa nalo halina pa kusemea.

Sisi ni watatu. Kazija anaimba na kutikisa kayamba, Ubwa anapiga besi, mimi gitaa la solo. Msimu wa wageni tunapiga kwenye hoteli moja huko kaskazini, na masika hoteli ikifungwa tunapiga harusi tukizipata. Amplifaya ilikuwa moja, Ubwa kachomeka tundu la kushoto, mimi la kulia. Mazoezi ni kwangu hapa Mpendae, kila Alhamisi baada ya alasiri.

Alhamisi, 10 Aprili

Mazoezi hayakuwepo. Kazija kaniletea ujumbe wa neno moja: "Mvua." Ubwa hakuleta hata hilo.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimekwenda mjini kwa Bwana Baqir, muuza redio na nyuzi za gitaa. Duka lake ni jembamba hata wateja wawili wakiingia mmoja hana budi amwombe mwenziwe radhi.

"Shikamoo Bwana Baqir."

"Marahaba. Nshasikia. Imekufa."

Sijui nani aliyemwambia. Mji huu, ukipiga chafya Mpendae, huku Darajani washakuombea dua.

Akaniwekea masanduku mawili juu ya kaunta. Lile dogo lina ukubwa wa tofali, vifundo vitano na taa moja. Lile kubwa ni refu kama ubao wa kufulia, na mbele lina safu ya pedali za kukanyaga.

"Hili dogo linaiga amplifaya," alisema. "Ndani mna sauti za amplifaya chungu nzima, za zamani na za sasa. Wachagua moja, wachomeka kwenye miksa, ile mashine ya sauti ya ukumbi, na anayesikia ataapa una amplifaya ya kweli nyuma yako. Lakini kazi yake ndo hiyo tu. Gitaa liwe gitaa."

"Na hili kubwa?"

"Hili lina kila kitu. Mwangwi, mawimbi, ngoma, laligeuza gitaa lako litoe sauti ya besi. Na pedali hii ya mwisho, ukiikanyaga larikodi ulichopiga, ukikanyaga tena lakirudia, nawe wapiga juu yake. Huhitaji mtu."

"Mie nna watu, Bwana Baqir."

"Alhamdulillahi," akasema. Akaniambia nikayajaribu nyumbani, moja moja, nisiwe na haraka. Nimeanza na dogo.

Jumanne, 15 Aprili

Meneja wa hoteli kapiga simu. Tukifungua mwezi wa sita, anasema, wanataka mtu mmoja. Mtu mmoja na mashine yake. Wageni wakila hawasikilizi bendi, wanazungumza. "Wewe unaweza, Shaame. Nimeambiwa." Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi wa tano.

Kazi ya kila usiku, msimu mzima, na chumba cha kulala. Kazi ya aina hiyo haimjii mpiga gitaa mara mbili.

Nitawaambiaje wenzangu? Kwetu mtu haambiwi usoni kwamba hatakiwi. Hata mgeni aliyekaa mpaka umechoka naye haambiwi aondoke. Unaulizia hali za watoto wake tena, moja baada ya moja, mpaka mwenyewe awakumbuke awafuate. Nimeamua kunyamaza kwanza.

Alhamisi, 17 Aprili

"Mvua," kaandika Kazija. Kweli ilinyesha.

Jumapili, 20 Aprili

Nimelichomeka sanduku dogo kwenye redio yangu ya spika mbili. Nilizungusha vifundo mpaka nikapata sauti kama ya amplifaya yetu ilivyokuwa kabla haijaanza kukohoa. Ukigusa uzi kwa upole lanong'ona, ukiukwaruza lafoka. Vidole vyangu vilifurahi.

Lakini solo peke yake ni mtu anayejibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Nilipiga nyimbo tatu nikaacha.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua.

Jumanne, 29 Aprili

Nimerudisha dogo, nimechukua kubwa. Bwana Baqir kanifungia mwenyewe kwa nailoni mbili lisiloe. "Hili usilirudishe," akanambia. "Hili ndilo lako." Nikamwambia bado najaribu. "Jaribu, lakini hili ndilo lako." Hili kubwa ndilo lenye bei kubwa pia. Mfanyabiashara ni mfanyabiashara.

Alhamisi, 1 Mei

Mvua, tena ya haki. Njia ya nyuma imekuwa mto, na kuku wa jirani wamehamia barazani kwangu. Sikumlaumu mtu leo.

Jumamosi, 3 Mei

Leo nimekuwa watu wengi.

Mvua ilianza asubuhi ikakataa kukoma. Nikakanyaga pedali, nikapiga mstari wa besi ambao Ubwa huupiga katika wimbo wetu wa harusi. Nikakanyaga tena, besi likaanza kujizungusha lenyewe. Nikaongeza ngoma. Nikaongeza gitaa la pili chini yake. Halafu nikapiga solo juu ya yote hayo, nikacheka peke yangu chumbani, maana wimbo ulikuwa mzuri. Sitajidanganya kwenye karatasi yangu mwenyewe. Sanduku lilikwenda na mapigo bila kuteleza, hakuna aliyesema amechoka, wala aliyetoka nje kuvuta sigara wimbo haujakwisha. Nilipiga mpaka adhana ya adhuhuri.

Nilipozima tu, nikasikia hodi. Alikuwa Bi Shemsa, jirani yangu wa ukuta mmoja, kajitanda kanga kichwani na mkononi kabeba sinia. Juu yake vikombe vinne vya chai ya maziwa, kimoja kwa kila chombo alichosikia, bajia, na sahani ya vitumbua.

"Shikamoo Bi Shemsa."

"Marahaba mwanangu. Nimewasikia wenzio. Na mvua yote hii wamekuja! Nkasema wasiondoke na matumbo matupu." Akachungulia nyuma yangu, kwa adabu, si sana. "Wamo ndani?"

"Wamo," nikasema. "Wanakushukuru."

Sijui neno lile lilitoka wapi. Ningemwambia ni mashine, angelazimika kunionea huruma pale mlangoni, kalowa, na mikono yake imejaa. Nikaona bora wawemo.

"Yule wa besi mpe salamu zangu," alisema. "Leo kapiga khasa."

Nikafunga mlango, nikakaa na sinia magotini. Chai ya watu haimwagwi, na kurudisha kikombe kimejaa ni kumwambia mtu chai yake mbaya. Nikanywa cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne kilikuwa kishapoa na kimefanya utando, nikakinywa nacho. Bajia na vitumbua nilivila vyote. Kisha nikakumbuka sahani ya watu hairudi tupu, nikapekua jikoni, nikapata ndimu mbili na sukari kidogo, nikaviweka pale. Nilipompelekea nikasema wenzangu wameshaondoka, wana haraka.

Nilikuwa mpweke. Naandika neno lenyewe lilivyo. Si upweke wa kuondokewa na Maryam, ule nimeshauzoea, unakaa pembeni kimya kama paka wa nyumbani. Huu ulikuwa mpya. Nilikuwa nimewasahau wenzangu asubuhi nzima, na nilikuwa na furaha.

Alhamisi, 8 Mei

Leo jua limewaka tangu asubuhi. Watu wameanika magodoro. Saa za mazoezi zilipofika simu ikalia. Kazija: "Mvua."

Nimetoka nje nikatazama juu. Hata wingu la kusingizia halikuwepo. Kutoka hapa mpaka kwake Kikwajuni si safari ya kuvuka bahari, mvua ya huko tungeisikia huku.

Wananidharau. Sasa nimeelewa. Mtu akisingizia mvua wakati wa mvua ni mvivu, lakini akisingizia mvua kwenye jua anataka ujue kuwa anasingizia. Nimejibu: "Pole kwa mafuriko." Hakurudisha.

Jumatatu, 12 Mei

Nimekwenda kwa Ubwa. Dada yake kanikaribisha, kaniwekea mkate wa kumimina, kaniuliza hali ya kwetu Mkokotoni. Ubwa kaenda shamba, akasema. Shamba gani? Shamba tu. Atarudi lini? Inshallah. Nilikula vipande viwili nikaaga.

Nami nilikuwa na jambo langu kifuani, la hoteli, na dada mtu alikuwa na lake, niliona linamtembea usoni. Tukaachana kwa heshima kubwa.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua, kaandika. Kweli imenyesha. Sikujibu.

Jumanne, 20 Mei

Nyimbo ishirini nshazipanga ndani ya sanduku kubwa. Kila moja na besi lake, ngoma zake na mwangwi wake. Nikikanyaga pedali ya tatu tunaingia kiitikio. Naandika "tunaingia".

Nilipita dukani kununua nyuzi. "Umeamua?" Bwana Baqir aliniuliza.

"Bado. Nawafikiria wenzangu."

"Chukua kubwa, Shaame."

"Mbona wanishikilia hivyo?"

Aliacha kuhesabu nyuzi. "Nakwambia kwa kheri tu. Mtu wa peke yake anahitaji kubwa."

"Mie si mtu wa peke yangu."

Akanifungia nyuzi kwenye karatasi, hakunitazama. Nimerudi nyumbani nimemkasirikia. Amenipimia upweke kama anayepima kitambaa ili auze sanduku.

Ijumaa, 23 Mei

Sikupiga leo wala jana. Gitaa liko kitandani upande wa Maryam.

Jumatatu, 26 Mei

Nimeamua, nami naandika upesi kabla sijabadilika.

Jana nilizipitia nyimbo zote ishirini, moja hadi ya mwisho, kama nitakavyofanya hotelini. Hakuna kosa. Na nilipomaliza ya mwisho niligeuka kushoto. Sikuwa na fikira yoyote, shingo iligeuka yenyewe, maana wimbo ukikwisha vizuri sisi hutazamana. Ubwa hana tabasamu la maana, ana jino moja limevunjika, lakini miaka yote hii nimekuwa nikipiga solo ili mwishoni nimtazame yeye anionyeshe jino lile. Kushoto palikuwa na kabati.

Kwa hiyo asubuhi nimempigia meneja, nikamshukuru, nikamwambia sitaweza. Akauliza nimepata pengine? Nikamwambia la, nina bendi. Akasema haya. Kisha nikalirudisha kubwa kwa Bwana Baqir, nikalipia dogo. Alilitazama pazia la nyuma ya duka, akachukua pesa.

Wavivu, wasingiziaji, wenye dharau, lakini ni wangu. Alhamisi nitawaambia yote.

Alhamisi, 29 Mei

Niliwatumia ujumbe wote wawili tangu juzi: leo lazima, nina habari. Nilifagia chumba. Sanduku dogo niliweka katikati, waya mbili, moja kwa kila gitaa.

Hakuja mtu, wala hata "mvua" haikuja. Nikatia sanduku kwenye mfuko, nikaenda Kikwajuni.

Kazija alikuwa ukumbini kwake anachagua mchele. Mwanamke huyu akiimba ukumbi mzima unasimama kumtunza, lakini nyumbani sauti yake ni ya kuagiza chumvi. Akanikaribisha, akaniuliza hali, nikamjibu njema. Hatukutazamana.

"La hoteli nimelikataa," nikasema.

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Umelikataa kwa nini?"

Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu kuna la hoteli.

"Kazija, wewe umejuaje?"

Akaweka ungo chini. "Meneja alinpigia mie mwanzo. Ndo kwanza tumeanza Mfungo Mosi, siku chache baada ya Idi. Akanuliza, huyo mpiga gitaa wenu anaweza peke yake? Nkamwambia anaweza, tena sana."

"Wewe ndo ulonitoa."

"Sikukutoa, nlikupisha. Nkamwambia Ubwa, na yeye akasema tusimkalie mwenzetu njiani. Nakujua, Shaame. Ungetuona kila Alhamisi usingekwenda. Basi nkaandika mvua."

"Hata siku ya jua?"

"Siku ile nlitaka ununie. Mtu akinuna anaondoka kwa wepesi."

Nilikaa juu ya mkeka. Wiki zote zile nimewaandika humu wavivu, na wao walikuwa wananifungulia mlango.

"Mbona hukuniuliza tu?"

"Ntakuulizaje? Nikwambie 'nasikia umeitwa peke yako', nikutie haya? Na weye mbona hukusema?"

"Nlikuwa nakustahi."

"Haya," alisema Kazija. "Tumestahiana mpaka tumevunjika." Akauchukua tena ungo akawa anatoa chenga ambazo hazikuwepo.

Nikamwuliza Ubwa yuko wapi. Yuko Jozani, akasema, shemeji yake kamtafutia kazi ya kuongoza watalii msituni. Na besi kaliuza tangu mwezi wa nne, hakutaka kuliona limeegemea ukuta.

"Kamuuzia nani?"

"Nani mwengine ananunua besi mji huu?"

Kazija mwenyewe anaimba na kikundi cha taarabu cha akina mama sasa. Sauti haiuzwi, alinambia, inakwenda na mwenyewe, nikiwa na besi nimwite. Bila besi hana pa kusimama.

Jumamosi, 31 Mei

Besi la Ubwa lilikuwa nyuma ya pazia la duka, hatua chache kutoka pale niliposimama masika yote nikichagua masanduku.

"Bwana Baqir, kwa nini hukunambia?"

"Ubwa kaniuzia kwa sharti. Shaame asijue. Hiyo ni amana, ntaivunjaje?" Alivua miwani. "Nkakwambia chukua kubwa. Nkakwambia mara ngapi? Mwenye macho haambiwi tazama, lakini weye ulikuwa ukiyatazama masanduku tu."

Na mimi nilimwona mwenye tamaa. Nilimwomba radhi, akaipungia mkono kama inzi.

Nikaliweka sanduku dogo kaunta. Nikamwuliza kama atalipokea nichukue besi badala yake. Akalipindua, akaangalia chini kama lina mkwaruzo, akakubali. "Lakini utapigia wapi? Amplifaya huna, na sanduku wanirudishia. Umekuja kwangu masika yote kutafuta sauti, na wenda nyumbani bubu."

Nilimwambia sijui nitapigia wapi. Kweli sijui.

Jumapili, 1 Juni

Jozani. Ubwa alikuwa getini, shati la kijani limemkaa kama la kuazima, anasubiri wageni ambao bado hawajaanza kuja. Tulipeana mikono muda mrefu. Akanionyesha kima punju kwenye tawi, mama na mwana, akaniambia jina la mti. Nikamwacha aseme miti mitatu.

Kisha nikamwambia la hoteli nimelikataa na besi lake liko kwangu.

Akatazama chini. "Ungekwenda, Shaame. Una lile sanduku. Nasikia lapiga besi kuliko mie."

"Lapiga kuliko weye. Halichelewi, halikosei."

"Sasa wataka nini?"

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya adabu, ya kuzunguka. Niliyaacha.

"Siwezi peke yangu," nikasema. "Kupiga najua. Kuwa peke yangu ndo siwezi tena. Nakutaka urudi, nakwambia usoni, na ukikataa nambie usoni."

Haya ilinishika mpaka masikioni. Sijapata kumwambia mtu hivyo, hata Maryam sikumwambia. Ubwa aligeuka upande wa msitu. Gari la wageni likaingia, wakashuka watu wawili na makoti ya mvua, akaitwa.

"Jumatano siingii kazini," akasema, akaenda kuwapokea. Hakusema atakuja.

Jumatano, 4 Juni

Amekuja.

Alisimama mlangoni, nikamwonyesha besi kitandani. Akalishika shingo, akalitia sauti sawa, akasema nyuzi zimelegea. Akauliza amplifaya iko wapi. Hakuna, nikamwambia. Sanduku je? Hakuna.

Gitaa la umeme likipigwa kavu ni la mwenye kulishika tu, na besi ndilo kabisa. Yeye kakaa kitandani, mimi kitini, tukaanza ule wa harusi, na kila mtu akawa anapiga wake, mara nimempita, mara kanipita. Ubwa akasogea ukingoni mwa kitanda. Nikavuta kiti. Haikutosha. Mwisho tulikaa goti kwa goti, vichwa tumeinamisha kimoja karibu na kingine, na pale ndipo nilipolisikia besi, chini sana, pamoja na pumzi zake anapohamisha mkono.

Kesho atampitia Kazija kabla ya kurudi Jozani. Wa harusi tuliupiga mara tatu, na mtu aliyepita dirishani asingejua kuna muziki ndani.